Digadi na kipanuzi chake: namna gari la michezo linavyoongezwa upana

Wanafunzi wa isimu wanalijua neno digadi. Huletwa darasani pamoja na kipilefti, kwa sababu moja: yote mawili yanaonyesha jinsi Kiswahili kinavyolivunja neno geni na kulijenga upya. Neno la Kiingereza lenye maana ya kizuia tope liliingia kwetu kwa sauti ya madigadi. Msikilizaji akasikia ma- mwanzoni, akaidhani ni kiambishi cha wingi, akazaa umoja wake: digadi moja, madigadi mawili. Mfano ukishaandikwa ubaoni somo huendelea, na digadi lenyewe, lile bati lililopinda juu ya gurudumu, husahauliwa.

Makala hii inalirudia lile bati. Inaeleza kazi moja tu inayofanywa juu yake: kulipanua, ili gari la michezo liweze kuvaa matairi mapana kuliko yale liliyotoka nayo kiwandani. Tumeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, kila hatua yake inategemea iliyotangulia, na kosa la hatua ya tatu huonekana kwenye hatua ya saba, wakati bati limekwisha kukatwa na haliwezi kurudi. Pili, ni kipimo kizuri cha lugha yetu. Fundi wa Kongo akizungumzia kazi hii huegemea Kifaransa: aile, jante, pneu. Tujaribu kumfuata kwa Kiswahili toka kipimo cha kwanza mpaka bolti ya mwisho, tuone kama tutakwama.

Maneno kwanza

Lugha mbalimbali zimelitazama bati hili kwa macho tofauti. Wafaransa huliita aile, yaani bawa. Wajerumani husema Kotflügel, bawa la tope. Waingereza nao huliita bawa, wing, lakini Wamarekani husema fender, neno lililotokana na kitenzi cha kukinga. Wajapani walilichukua neno hilo la Kimarekani, wakaliongezea over mbele yake, wakapata ōbāfendā: digadi la juu ya digadi. Jina hili la Kijapani ndilo linaloeleza vizuri zaidi kitu tunachokizungumzia, kwa maana ni kipande cha pili kinachokaa juu ya cha kwanza na kujitokeza nje.

Kwa Kiswahili tutasema kipanuzi cha digadi, au kipanuzi tu. Kitenzi ni panua, na mwundo wa ki-…-zi unajulikana na kila msomaji wa gazeti hili. Ukingo wa digadi unaozunguka tundu la gurudumu tutauita mdomo. Chuma cha duara kinachobeba tairi ni rimu, na sehemu ya katikati inayofungiwa rimu hiyo ni habu. Misumari inayopigwa kichwa pande mbili ili kuunganisha mabati ni ribiti, neno ambalo limo katika kamusi zetu tangu zamani. Kwa maneno hayo machache tunaweza kuanza.

Kwa nini gari lipanuliwe?

Kipanuzi peke yake hakiongezi chochote kwenye mwendo wa gari. Hakilipi nguvu wala hakiliongezei mshiko barabarani. Kazi yake ni kulifunika tairi pana, na faida yote hutoka kwa tairi hilo na kwa umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari lina uzito wa kilo 1,000. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 juu ya barabara, na magurudumu ya pande mbili yameachana mita 1.35. Linapokata kona kwa kasi, msukumo wa pembeni unafikia 0.8 ya uzito wake. Uzito unaohama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda ya nje ni 1,000 × 0.8 × 0.5 ÷ 1.35, yaani karibu kilo 296. Tukiyaachanisha magurudumu hadi mita 1.45, jibu linashuka hadi karibu kilo 276. Kilo 20 hizo zimebaki upande wa ndani.

Faida yake ni ipi? Tairi likiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka pia, lakini huongezeka polepole kuliko mzigo wenyewe. Kwa hiyo matairi mawili yanayogawana mzigo karibu sawasawa hushika barabara vizuri kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na la pili limenyanyuliwa. Hii ndiyo sababu magari ya mashindano ya miaka ya 1960 na 1970 yalizidi kunenepa mwaka hadi mwaka.

Lakini kila faida ina bei yake. Gurudumu likisogezwa nje, uzito hukaa mbali na beringi za habu, nazo hulika mapema. Usukani huwa mzito na hutikiswa na kila shimo. Upana ulioongezeka hukutana na upepo mwingi zaidi, na gari hupoteza kidogo kasi yake ya mwisho. Na kwenye matope, tairi jembamba hupenya hadi kwenye ardhi ngumu ilhali pana huelea juu.

Mfano wetu: Datsun 240Z

Gari tulilolichagua ni la Kijapani. Kampuni ya Nissan ilianza kuliuza mwaka 1969. Nchini Japani linaitwa Fairlady Z, na kwingineko Datsun 240Z. Ni gari la viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo unaoteremka, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Afrika Mashariki inalikumbuka vema. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Ushindi huo lilipata kwa mwili wake wa kawaida, mwembamba, katika vumbi na tope la njia zetu.

Kwenye lami ya viwanja vya mashindano mahitaji yalikuwa mengine. Mwaka 1971 Nissan ilitoa kwa soko la Japani toleo liitwalo 240ZG. Lilikuwa na pua iliyorefushwa na vipanuzi vinne vilivyofungwa juu ya madigadi, vichwa vya vifungo vikiachwa wazi vionekane. Upana wa gari ulitoka milimita 1,630 hadi 1,690, yaani milimita 30 kila upande. Hapo tayari Skyline GT-R ya milango miwili ya mwaka 1970, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa imevaa vipanuzi kwenye madigadi ya nyuma. Mtindo huo haujafa. Leo mafundi wa Kijapani kama Akira Nakai, Wataru Kato na Kei Miura wanajulikana duniani kwa vipanuzi vinavyofungwa kwa bolti zinazoonekana, juu ya magari ya Porsche, Ferrari, Toyota na mengine.

Kupima kabla ya kununua

Kosa la kawaida ni kuanza na kipanuzi. Mtu huona umbo linalompendeza, hulinunua, halafu hutafuta matairi ya kulijaza. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: kwanza tairi, halafu rimu, na kipanuzi mwisho.

240Z ilitoka kiwandani na rimu za upana wa inchi 4.5. Tuseme mwenye gari anataka za inchi 8. Ongezeko ni inchi 3.5, sawa na milimita 89. Kama mstari wa katikati ya rimu ungebaki palepale, milimita 44 zingekwenda ndani na 44 nje. Lakini ndani kuna nguzo ya springi, na nafasi kati yake na tairi ni ndogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko hilo lazima iende nje. Fundi hupima nafasi ya ndani kwa uangalifu, huacha milimita chache za usalama, na kinachobaki ndicho upana ambao kipanuzi kitapaswa kuufunika. Katika mfano huu, milimita 30 za 240ZG hazitatosha.

Kipimo hiki hakichukuliwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Gurudumu hupanda na kushuka linapotembea, na linapopanda hubadili pia mwinamo wake. Njia ya kuaminika ni kuondoa springi, kufunga rimu na tairi mpya, kisha kulinyanyua gurudumu kwa jeki taratibu hadi mwisho wa mwendo wake wa juu. Kwa magurudumu ya mbele, usukani huzungushwa kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho katika kila kimo. Popote tairi linapogusa bati, alama huwekwa kwa chaki. Alama hizo zikikusanywa, ndizo ramani ya sehemu itakayokatwa.

Vipanuzi vyenyewe hutengenezwa kwa vitu vitatu. Vya bati la chuma huchomelewa na kuwa sehemu ya mwili wa gari. Vya faibaglasi ni vyepesi na rahisi kurekebisha kwa msasa, lakini hupasuka vikigongwa. Vya plastiki laini ya poliyuretani huvumilia kugongwa, ila rangi yake inahitaji maandalizi maalumu ili isibanduke. Mfano wetu ni wa faibaglasi, unaofungwa kwa bolti.

Kukata

Kabla ya mashine yoyote kuwashwa, gari huwekwa juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Betri hufunguliwa. Hapo kuna jambo ambalo fundi wa 240Z halisahau: mdomo wa kujazia petroli uko upande wa kulia nyuma, na mpira unaoteremka kutoka hapo kwenda tangini unapita karibu na tundu la gurudumu. Mashine ya kukatia bati hutoa cheche. Petroli humwagwa, tangi na mpira huo huondolewa, na mvuke wake huachwa utoke, ndipo kazi ianze. Garaji limeungua kwa kupuuza jambo dogo kuliko hili.

Kisha kipanuzi hushikizwa kwa utepe mahali pake. Fundi hupima kutoka sehemu zisizobadilika, kwa mfano kingo za mlango na mstari wa taa, ili cha kulia kilingane na cha kushoto. Magari ya zamani mara nyingi si sawa pande mbili, hasa kama yaliwahi kugongwa, kwa hiyo jicho huwa na neno la mwisho baada ya futi. Gari hutazamwa kwa mbali, mbele na nyuma. Fundi akiridhika, huchora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa kipanuzi, halafu huchora wa pili ndani yake. Huo wa pili ndio wa kukata. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo itakayobeba bolti, na isipungue sentimita mbili hivi.

Madigadi ya mbele na ya nyuma hayafanani. Ya mbele yamefungwa kwa bolti, na ni bati moja. Likiharibiwa, hununuliwa jingine. La nyuma ni sehemu ya mwili wenyewe, tena lina mabati mawili: la nje tunaloliona, na la ndani linalounda paa la tundu la gurudumu. Mawili hayo hukutana mdomoni na kuchomelewa kwa nukta nyingi. Ukikata juu ya mdomo, umekata mshono unaoyaunganisha. Mabati yanaachana, na pengo linafunguka kuelekea ndani ya gari.

Hapa ndipo fundi mzuri hutambulikana. Asiyejua hufunika pengo kwa kipanuzi na kuliacha. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini maji ya mvua, vumbi na moshi vitapita humo, kutu itaanza mahali pasipoonekana, na mwili wa gari umepoteza sehemu ya uimara wake. Anayejua hukata bati la nje kwanza, akaacha la ndani likining'inia refu zaidi. Kisha hulipasua la ndani kwa mikato mifupi iliyoachana sentimita tatu au nne, kama pindo la nguo linalopasuliwa ili likunjike kwenye duara. Kila ulimi wa bati hukunjwa kwa nyundo kuelekea nje hadi uguse bati la nje, huchomelewa, na nyufa zote hujazwa. Mwishoni mshono huzibwa kwa gundi ya kuzibia mabati. Tundu ni kubwa kuliko la zamani, na limefungwa kama lilivyokuwa kiwandani.

Kufunga

Tundu la kwanza la bolti hutobolewa kileleni, katikati ya upinde. Kipanuzi hushikizwa hapo kwa skrubu ya muda. Kutoka hapo fundi hushuka zamu kwa zamu, tundu moja mbele, moja nyuma, akishikiza kila moja kabla ya kutoboa linalofuata. Akianzia mwisho mmoja na kwenda hadi mwingine, kila kosa dogo humwongezea jingine, na akifika mwisho kipanuzi kimehama.

Matundu yote yakiwa tayari, kipanuzi hutolewa na matundu ya bati hupanuliwa ili kuingiza nati za ribiti. Hizi ni nati zenye shingo nyembamba: zikivutwa kwa kifaa chake, shingo hujikunja nyuma ya bati na nati hubaki hapo daima. Kwa bolti ya milimita 6 tundu huwa la milimita 9. Kwenye faibaglasi, tundu la bolti hiyohiyo huachwa kubwa kidogo kuliko bolti yenyewe, kwa sababu faibaglasi na chuma havipanuki sawasawa jua likiwaka. Bolti iliyobanwa bila nafasi ndiyo chanzo cha nyufa zinazoanzia tunduni. Chini ya kila kichwa huwekwa washa pana, na bolti hukazwa kwa kiasi.

Kila bati lililokatwa au kutobolewa hulainishwa kwa msasa na kupakwa rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Hatua hii haifanywi baadaye, kwa maana baadaye haifikiki. Kati ya kipanuzi na digadi hupitishwa utepe wa mpira wenye ukingo wa mviringo. Unaziba pengo dogo, unazuia faibaglasi isikwaruze rangi, na unaficha sehemu ambapo mikunjo miwili hailingani barabara.

Mwishoni springi hurudishwa na lile zoezi la kunyanyua gurudumu na kuzungusha usukani hurudiwa. Tairi linalogusa digadi kwenye kona ya kasi hujikata lenyewe, na tairi likipasuka hapo dereva hana nafasi ya kurekebisha. Baada ya kilomita 100 hivi bolti zote hukaguliwa tena.

Sheria inasemaje?

Kwa kuwa gari letu ni la Kijapani, tuangalie sheria ya huko. Gari lililosajiliwa Japani likiongezeka upana kwa zaidi ya milimita 20 kwa jumla, lazima lipelekwe kukaguliwa upya na vipimo vyake vibadilishwe kwenye hati. Vipanuzi vya kadiri ya vile vya 240ZG vinaongeza milimita 60, mara tatu ya kikomo hicho. Tairi nalo lina kikomo cha kutokeza nje ya digadi. Eneo linalopimwa ni lile la kuanzia nyuzi 30 mbele ya mstari wima unaopita kitovu cha gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliandika nyuzi hizohizo katika mwongozo wao wa mwaka 1978. Mantiki yake ni ya kawaida kabisa: jiwe linalorushwa na tairi lisilofunikwa humpata anayekuja nyuma. Digadi, hata katika lugha ya sheria, limebaki na kazi yake ya kwanza, kukinga.

Kuamua

Swali la mwisho linamhusu mwenye gari kuliko fundi. Bolti hufunguka, na kipanuzi kinaweza kutolewa siku yoyote. Digadi la nyuma lililokatwa halirudi. 240Z ambazo hazijaguswa zinazidi kupungua, na kila moja inayokatwa inaipunguzia dunia nakala moja ya kile kilichotoka kiwandani. Kwa anayetaka tu kufanana na 240ZG, ipo njia ya katikati: vipanuzi vidogo vilivyofungwa juu ya madigadi mazima, na rimu zilizochaguliwa ili zisiguse mdomo. Anayekwenda kushindana kwenye lami atakata, na ana sababu. Anayekata kwa ajili ya picha ajue kwamba ameuza kitu asichoweza kukinunua tena.

Na lugha yetu je? Imefika mpaka bolti ya mwisho. Digadi, kipanuzi, mdomo, rimu, habu, ribiti, nati: baadhi ni ya kuazima, baadhi ni ya nyumbani, na yote yamekubali viambishi vyetu bila ugomvi. Kilichokosekana ni mazoea. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho anaweza kwenda garaji lolote la mji wake na daftari, akaorodhesha majina ambayo mafundi wanayapa mabati, vyuma na vifaa wanavyovishika kila siku. Atakuta mengine ya Kifaransa yamekwisha kuvaa kiambishi cha Kiswahili, kama digadi lilivyofanya zamani, na hakuna aliyeyaandika.